Mkono Usioshtua

Ankoro ni mji wa mito miwili. Luvua, unaotoka Ziwa Mweru, unakutana hapo na Lualaba, na watu wa vijiji vya kando ya mito hiyo, katika eneo la Manono, hufika mjini kwa mtumbwi, kwa baiskeli au kwa miguu. Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika, iko mbali upande wa mashariki: zaidi ya kilomita 250 hata ukipima kwa mstari ulionyooka, na njia ya ardhini ni ndefu kuliko hapo. Mtu akiumwa jino katika nchi ya namna hii hatoki siku hiyohiyo. Atasukutua kwa maji ya chumvi, atameza kidonge cha sokoni, atatafunia upande mmoja, atavumilia. Siku akiondoka nyumbani, jino limekwisha kumnyima usingizi kwa muda, na safari yenyewe inampa nafasi ya kuwaza kila alichowahi kusimuliwa kuhusu koleo la muganga.

Mwaka 1969 mwanasaikolojia wa Marekani, Norman Corah, alitunga maswali manne ya kupimia hofu ya mgonjwa wa meno, na kipimo chake kinatumika hadi leo. Swali la kwanza linauliza utajisikiaje ukijua kwamba kesho unakwenda kwa daktari wa meno. La pili, ukiwa kwenye chumba cha kusubiri. La tatu, ukiwa umeshakaa kitini huku daktari akitayarisha mashine ya kuchonga jino. La nne, ukiwa kitini huku akitoa vifaa vya kusafishia. Katika yote manne hakuna hata moja linalouliza habari za jino linapoguswa. Yote yanauliza habari za kungoja. Ni kana kwamba Corah alikuwa ameona kwamba hofu hufanya kazi yake kubwa kabla mkono wa mtu haujafika mdomoni, na mgonjwa wa Luvua, mwenye safari ndefu nyuma yake, amekaa na hofu hiyo muda mrefu kuliko mgonjwa yeyote wa mjini.

Ukitaja faraja ya mgonjwa wa meno, wengi huwaza kiti kinacholala chenyewe, kiyoyozi, muziki wa taratibu. Vitu hivyo ni vizuri, na kliniki za Nairobi na Dar es Salaam zenye uwezo zinavyo. Lakini mimi ninachokistahi zaidi ni ule upole unaoweza kufanyika juu ya benchi la mbao, karibu na dirisha, bila umeme. Huo ni ufundi kamili. Una hatua zake, vipimo vyake na vifaa vyake, na anayeujua unamtambua upesi.

Mtazame kabla hajagusa kitu. Sinia ya vifaa ameiweka nyuma ya kichwa cha mgonjwa na ameifunika kitambaa. Hasimami juu ya mtu aliyekaa. Anavuta kigoda, anakaa, macho yanalingana. Anauliza habari za safari na za nyumbani, na anasubiri majibu. Kisha anasema kitakachofanyika, kwa mpangilio, na hasemi uongo. Neno "haitauma" halitoki kinywani mwake, kwa sababu likivunjika mara moja hakuna neno lingine litakaloaminiwa siku hiyo.

"Mama, kioo hiki ni cha kutazamia tu. Kwanza nitahesabu meno. Ukitaka nisimame, inua mkono wa kushoto, nami nitasimama."

Ahadi hiyo ya mkono inafundishwa popote panapofundishwa udaktari wa meno, na ni rahisi kuitamka. Ugumu uko kwenye kuitimiza mara ya kwanza. Mgonjwa mwenye hofu mara nyingi huinua mkono mapema, kabla ya maumivu yoyote, kujaribu tu kama alichoambiwa ni kweli. Fundi asiye na subira humwambia "bado sijaanza" na kuendelea. Fundi mzuri husimama, hutoa kioo mdomoni, huuliza kuna nini, hungoja. Amepoteza nusu dakika, na kuanzia hapo kinywa kinafunguka bila kulazimishwa. Mgonjwa anayejua kwamba anaweza kusimamisha kazi haoni tena haja ya kuisimamisha.

Kwa watoto upo utaratibu ulioandikwa mwaka 1959 na Mmarekani aitwaye Addelston: mweleze, mwonyeshe, halafu fanya. Kijiko kidogo cha kuchimbia uozo kinapitishwa kwanza juu ya ukucha wa mtoto ili aone kinavyokwaruza. Maneno yanachaguliwa. Hakuna "kuchoma", hakuna "damu", na wazazi wanaombwa wasimtishe mtoto kwa sindano siku yoyote, hata akikataa kula. Hilo la mwisho ningependa litangazwe redioni. Mama anayesema "nyamaza, la sivyo muganga atakuchoma" anaiharibu kazi ya muuguzi ambaye bado hawajakutana naye.

Kisha kuna sindano ya ganzi, na hapa ndipo mkono hupimwa. Dawa inayotumika zaidi, lidokaini, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943 na mkemia Nils Löfgren, ikaanza kuuzwa miaka mitano baadaye. Ni dawa njema; namna inavyoingizwa ndiyo inayotofautisha mkono na mkono. Wagonjwa hulaumu ncha ya sindano, lakini sehemu kubwa ya uchungu hutoka kwenye dawa yenyewe inapoingizwa kwa haraka na kuutanua mnofu usiotanuka kwa urahisi. Kwa hiyo fundi huingiza polepole sana, karibu mililita moja kwa dakika. Anayetazama kwa mbali anaweza kudhani amesita. Kichupa kidogo cha dawa amekishika kiganjani kwa muda ili kisiingie kikiwa baridi. Shavu amelivuta likakaza, kwa sababu ngozi iliyolegea hung'ang'ania sindano na iliyokaza huipisha. Na wakati ncha inaingia, kidole gumba chake kinatikisa mdomo wa mgonjwa pale jirani, bila kukoma.

Kutikisa huko si mazoea matupu. Mwaka 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza waliandika kwamba katika uti wa mgongo kuna kinachofanana na lango: habari za mguso na mtikisiko zikiingia kwa wingi, habari za maumivu hupunguziwa nafasi ya kupita. Kila mama aliyewahi kumsugua mtoto goti lililogonga jiwe analitumia lango hilo. Fundi wa meno analitumia kwa makusudi, kwa sekunde zilezile zinazohitajika.

Mambo mawili zaidi hayaonekani kwa macho. Ganzi ya meno mara nyingi huchanganywa na adrenalini ili isichukuliwe upesi na damu, na adrenalini huweza kumfanya mgonjwa aone moyo ukimwenda mbio. Asipoambiwa mapema, ataamini kwamba anazimia. Akiambiwa, "Baba, moyo unaweza kupiga haraka kwa dakika chache, ni dawa, itapita," anakaa anahesabu dakika. Jambo la pili ni kungoja. Ganzi ya taya la chini haishiki mara moja. Fundi huweka sindano pembeni, huzungumza mambo mengine, huuliza kama mdomo umekuwa mzito hadi katikati ya kidevu, na hupima kwa ncha ya kifaa kabla ya kuanza. Ninaamini wengi wa waliong'olewa jino kwa mateso walichomwa ganzi sawasawa, wakakosa mtu wa kungojea ishike.

Kung'oa kwenyewe nitakupitisha kwa ufupi, maana kukienda vizuri hakuna mengi ya kuona. Jino halivutwi. Koleo husukumwa ndani kuelekea kwenye mzizi, kisha jino linasogezwa nje na ndani, taratibu, hadi mfupa unaolishika upanuke na kuliachia. Nguvu hutoka begani, na mkono wa pili umeshika taya ili kichwa kisiyumbe. Aliye stadi humwonya mgonjwa jambo ambalo wengi huliacha: ganzi huondoa maumivu, haiondoi msukumo, wala haizuii sauti. Mlio wa mzizi ukiachana na mfupa husafiri ndani ya fuvu na husikika mkubwa. Anayeujua kabla haruki. Baadaye mgonjwa anauma pamba kwa nusu saa, asitemeteme wala kusukutua hadi kesho, ili bonge la damu likae mahali pake.

Lakini jino lililotolewa halirudi, na hapo ndipo inapoingia hadithi ambayo Afrika Mashariki ingepaswa kuisimulia kwa sauti kubwa zaidi.

Katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walikuwa wakitafuta namna ya kuziba meno ya watu wa vijijini. Mashine ya kuchonga jino inadai umeme, hewa ya mgandamizo, maji na fundi wa kuitengeneza. Vijiji havikuwa na hivyo. Wakaiacha, wakatumia vifaa vya mkono peke yake: kuondoa uozo kwa vijiko vidogo vya chuma, kisha kuziba tundu kwa saruji inayojishikiza kwenye jino. Njia hiyo ikaja kuitwa kwa kifupi cha Kiingereza ART, yaani uzibaji wa jino usiojeruhi. Ilijaribiwa Thailand na Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, mwaka ambao siku hiyo ilikuwa ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu.

Iliyofuata ndiyo sehemu ninayoipenda. Njia iliyobuniwa kwa sababu ya kukosa umeme ilionekana kuwa ndiyo isiyoogopesha. Ukiondoa mashine umeondoa mlio wake, mtetemo wake na maji yake baridi. Na kwa kuwa kijiko cha mkono huondoa sehemu iliyooza na kulainika tu, ambayo haina uhai wa kutosha kuuma sana, mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Mashine na sindano, vitu viwili vinavyoogopwa kuliko vyote, vimetoka chumbani pamoja. Watafiti waliowatibu watoto nchini Indonesia, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2003, walipima hata mapigo ya moyo, na wakaona kwamba waliotibiwa kwa vifaa vya mkono walisumbuka kidogo kuliko waliotibiwa kwa mashine.

Nieleze kazi yenyewe, maana ndani yake mna uzuri mwingi. Mgonjwa amelala chali juu ya meza au benchi, kichwa kimeinuliwa kwa mto mdogo, na muuguzi amekaa nyuma ya kichwa hicho. Vipande vya pamba vimewekwa pembeni mwa jino kulinda pasilowe mate. Tundu la jino bovu kwa nje huwa dogo na kwa ndani pana, kwa hiyo kwanza anatumia kishoka, kifaa chenye makali membamba: anakiweka kwenye mdomo wa tundu na kukizungusha mbele na nyuma kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli, hadi enameli isiyo na nguzo chini yake inamomonyoka vipande vidogo. Ndipo vijiko vinaingia. Anaanza pembezoni, pale enameli inapokutana na dentini, kwa kuwa uozo ukiachwa hapo utaendelea kutambaa chini ya kizibo. Anachimba kwa mzunguko, kidogo kidogo. Sehemu iliyooza hutoka laini na yenye unyevu. Akifika penye uzima, kijiko hukwaruza na vidole husikia tofauti. Chini kabisa, karibu na kiini cha jino, hachimbi kwa bidii. Kuacha kidogo kilicholainika juu ya kiini ni salama kuliko kukitoboa, na kujua mahali pa kuacha kunachukua muda mrefu kujifunza kuliko kujua mahali pa kuanzia.

Halafu tundu linapanguswa kwa dawa ya kulitayarisha, sekunde 10 hadi 15, linaoshwa kwa pamba yenye maji, linakaushwa kwa pamba kavu. Unga na maji ya saruji vinakorogwa upesi, chini ya nusu dakika, kwa sababu saruji ikianza kupoteza mng'ao wake haitashika tena. Saruji hii, glasi ionoma, ilivumbuliwa London na Alan Wilson na Brian Kent na kutangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hujiunga na jino lenyewe na huachia floridi taratibu. Inasukumiwa tunduni, inajazwa kupita kidogo, kisha muuguzi anapaka vaselini kwenye kidole cha glavu na kulikandamiza jino kwa kidole hicho, nusu dakika hivi. Mgandamizo huo huisukuma saruji hadi kwenye mifereji midogo ya jino ambayo uozo ungeanzia kesho. Ziada inakwanguliwa, mgonjwa anauma karatasi ya rangi ionekane kama kizibo kimezidi, na anaambiwa asile bukari wala kitu kingine kwa saa moja.

Makali ya vifaa ni habari ya pekee. Kijiko butu hulazimisha mkono kusukuma, mkono unaosukuma huteleza, na hapo ndipo mgonjwa hushtuka. Aliyefundishwa vizuri hunoa kishoka na vijiko vyake juu ya jiwe lenye tone la mafuta, na hupima makali kwa kuigusisha ncha kwenye ukucha: ikishika ni kali, ikiteleza bado. Kisha vifaa vinaingia katika sufuria ya mvuke yenye mfuniko wa kukaza, juu ya mkaa, na tangu mvuke ushike vinakaa dakika 15. Ningependa sufuria hiyo ikae mahali ambapo wanaosubiri wanaiona. Kungoja mbele ya mvuke unaosafisha vifaa ni tofauti na kungoja mbele ya mlango uliofungwa.

Haifai kuisifu njia hii kuliko inavyostahili. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba kizibo cha ART cha upande mmoja wa jino la utotoni hudumu vizuri: asilimia 93 ya vizibo hivyo vilikuwa bado imara baada ya miaka miwili. Tundu likishaingia pande mbili au zaidi, idadi hiyo hushuka hadi asilimia 62. Jino lenye usaha halizibwi kwa kijiko. Anayefika na uso uliovimba, homa na mdomo usiofunguka anahitaji hospitali haraka, na upole wa kwanza kwake ni kutomchelewesha.

Nani atafanya kazi hii? Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba watu bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa, na kwamba kanda ya Afrika ina madaktari wa meno wapatao 3.3 tu kwa kila watu 100,000, karibu sehemu ya kumi ya wastani wa dunia. Kwa hesabu hiyo, katika zoni ya afya kama ya Ankoro, anayemlaza mgonjwa wa jino juu ya benchi atakuwa muuguzi mara nyingi kuliko daktari. Hilo halinikatishi tamaa. Huko Mwanza, nchini Tanzania, shirika la Bridge2Aid limewafundisha matabibu wa vijijini kung'oa meno kwa ganzi na kwa usalama, na ART tangu mwanzo ilikusudiwa kuwafikia watu mahali ambapo hakuna kliniki ya meno. Umeme nao si sharti. Kwenye mto Luvua lipo bwawa la umeme la Piana Mwanga, lililojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya migodi ya bati ya Manono, ambalo liliharibika katika miaka ya vita. Mtoto mwenye jino lililotoboka hana sababu ya kungoja umeme.

Anachokingoja ni kidogo na kinahesabika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza glasi ionoma katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi na dawa ya majimaji ya fedha na floridi, ambayo hupakwa juu ya jino lililooza na kuusimamisha uozo bila kuchimba chochote. Hiyo ya mwisho huacha doa jeusi lisilotoka, na mzazi anapaswa kuonyeshwa picha ya doa hilo kabla ya brashi kugusa jino la mtoto, ili akubali akijua. Kuwamo katika orodha hiyo kunampa muuguzi mkuu wa zoni sababu iliyoandikwa ya kuziomba dawa hizi katika maombi yaleyale anayoombea kwinini na glavu. Vijiko na vishoka hununuliwa mara moja na kudumu miaka, vikinolewa. Unga wa saruji ndio unaokwisha, na ndio unaopaswa kuombwa kila mara, kwa idadi ya watoto wa shule waliotazamwa meno muhula huo.